Gari Yenye Ilikuwa Inakataa Kusimama

Gari yangu haijakataa kukimbia ata siku moja. Kukimbia inajua. Kule Musaga, hapa Bujumbura, fasi barabara inapanda na magari ya wakubwa yanaanza kukohoa, yangu ilikuwa inapanda na matela kumi na nne juu ya kichwa, zimefungwa na kamba, na mi ndani naimba. Kazi yangu ni kuuza matela, magodoro ya kulalia. Watu walikuwa wanaona rundo ya matela inapanda mulima peke yake, gari haionekani, wanasema kuna kitanda kimetoroka hospitali.

Shida yake ilikuwa kusimama. Ukitoa tu muguu kwenye mafuta, inatetemeka kama mutu ametoka kuoga asubuhi na maji ya baridi, njo inakufa. Polisi ananyoosha mukono, inakufa. Mbuzi inapita, inakufa. Mwenzako anatoa tuktuk yake kwenye kona bila kuangalia, we unafinya freni, inakufa na wewe unabaki katikati ya barabara unashika usukani kama ngoma ya kuuza. Na hiyo freni yenyewe ilikuwa ngumu kama jiwe ya kusagia. Kuifinya ilikuwa lazima niinuke kidogo kwenye kiti, kama mutu anasalimia mukubwa.

Mafundi wanasema ni ralanti. Ralanti ni ile sauti ya chini motere inapiga wakati gari imesimama na haijazimwa, kama muzee anasinzia lakini ukimuita anajibu. Yangu haikuwa inasinzia. Ilikuwa inalala moja kwa moja, ya kuzikwa.

Mubaya zaidi, niliharibikiwa na watu. Buyenzi huwezi kupita mutu bila kumusalimia, na salamu ya kwetu si neno moja. Unasimama, unauliza mama, unauliza watoto, unauliza mugongo ya mama, unauliza mutoto mwenye alikuwa na homa. Na mi sikuwa na uwezo wa kusimama. Nilikuwa natoa "salam aleikum" kwenye transveni ya kwanza, njia ya mutaa, jibu linanikuta kwenye transveni ya tatu. Wazee wakaanza kusema, tangu auze matela kwa wale matajiri wa Kinindo, haoni tena watu. Mwaka muzima naitwa mwenye kiburi, kumbe ni motere.

Na ningeishi vile mupaka leo, kama mutoto wa dada yangu hakupata muchumba.

Baba yake alifariki akiwa mudogo. Tangu siku ile, mi njo nilikuwa nampeleka shule na gari ile, amekaa nyuma katikati ya matela kama kuku kwenye kiota, anasoma vitabu vyake vya Kifaransa kwa nguvu. Kila neno alikuwa ananiuliza, na mi namwambia, mutoto, mi Kifaransa nilikutana nayo mulangoni ya shule, ikaingia, mi nikatoka.

Sasa tuko kwenye kikao cha familia, tunapanga harusi. Nikaa, ndoa yenyewe, ni Ijumaa musikitini, hiyo haina maneno. Maneno ilikuwa Jumamosi, korteje, musafara wa magari wa kumpeleka bibi-arusi Kajaga, kwenye sale moja ya sherehe pale pembeni ya ziwa. Shemeji yangu, mudogo wa yule marehemu, akakohoa. Huyu mutu akikohoa, ujue amekuja na kitu.

"Upande wa bwana-arusi wanatoa jeep," akasema. "Nyeusi. Ya bosi mumoja wa Kinindo. Iko na viti vya ngozi na hewa ya baridi ndani."

"Hewa ya baridi ata kwangu iko," nikasema. "Dirisha ya nyuma haifungiki."

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Nikaona dada yangu anaangalia mukeka, na nikajua anafikiria nini: mutoto wake atoke nyumbani ndani ya gari ya watu, kama vile hana kwao. Mutoto mwenyewe njo alisema, kutoka kule jikoni, bila kutoa ata kichwa.

"Mi nitatoka na gari ya mujomba."

"Binti yangu," shemeji akasema, "korteje ni kitu cha pole pole. Watu wanapiga ngoma, mutu wa video anatembea na miguu mbele. Hiyo gari haijui pole. Itakuacha mbele ya soko, na shela yako, na watu wanasukuma."

"Basi nitasukuma pamoja nao. Shela tutafunga kiunoni."

Shemeji akanigeukia. Akasema, hasemi mambo mingi. Siku ya Alhamisi, siku ya hina, atakuja na termosi yake ya chai. Gari iwashwe hapa mbele ya nyumba, isimame, mutu asiguse mafuta. Yeye atakunywa chai yake taratibu mupaka termosi iishe. Kama motere bado inapiga, mutoto anapanda kwa mujomba. Kama imezima, jeep.

Nikasema sawa, ata leta mbili. Mi mudomo wangu hauna freni, ile ngumu ilikuwa ya gari tu.

Nilikuwa na siku kumi. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi wa kwanza, yule wa pale karibu na wachomelea vyuma. Huyu anajulikana mupaka Uvira. Hafungui kapo, mufuniko wa motere, kama watu. Anatoa kwanza kofia. Halafu anaweka turnevisi, bisibisi yake, kwenye motere, mupini anauweka kwenye sikio, anafunga macho, anasikiliza kama daktari wa mimba. Mi nikafunga macho pia, kwa heshima.

"Ni bujii," akasema.

Bujii ni vile vidude vinne vya kutoa moto ndani ya motere. Tukatoa nne, tukaweka nne mupya. Gari ikawaka muzuri, ikatetemeka, ikakufa.

Akarudisha turnevisi kwenye sikio. "Bujii zilikuwa zimekufa," akasema, "lakini si zenyewe zilikuwa zinaua."

"Basi nani anaua?"

"Tuache kutafuta muuaji. Tupandishe ralanti."

Hapa nieleze watu wasiojua Bujumbura. Kila fundi hapa mujini, umupelekee gari haiwaki, umupelekee gari inanuka, umupelekee ata cherehani, dawa yake ni moja: kupandisha ralanti. Kuna vis kadogo, skrubu, pale kwenye motere. Ukikaza, gari ikisimama motere inapiga kwa nguvu zaidi. Ni kama mutu anasinzia kazini, badala ya kumuuliza kama amekula, unamupigia kelele masikioni. Hasinzii tena, kweli. Lakini hajapona.

Akakaza. Motere ikapiga kelele kama ndege inataka kutoka uwanjani. Haikukufa. Nikamushika mukono, nikamuita bingwa, nikaingia ndani, nikaweka vitesi, yaani gia. Gari yangu ni otomatiki. Sijagusa mafuta. Ikaondoka.

Iliondoka na mi, ndugu zangu. Nikafinya ile freni ya jiwe na miguu yote miwili, bado inakwenda. Tukapita kwa wauza ndagala, dagaa wa ziwa, tukapita kwa muzee mumoja ambaye hajakimbia tangu wakati wa mufalme, siku ile alikimbia na alinipita. Tukapita mulangoni kwa dada yangu. Mutoto akanipungia mukono, akidhani naenda kazini. Ilisimama kwenye rundo ya muchanga ya watu wanajenga, na pale, kwa sababu imegusa kitu, ikakufa. Yaani sasa nilikuwa na gari yenye kukataa kusimama kwa namna mbili.

Na esanse je, petroli? Hii mujini tunajua vile esanse inatafutwa. Mutu analala na bido, dumu yake, kwenye kituo kama analala na mugonjwa. Ile ralanti ya juu ilikuwa inakunywa hiyo esanse imesimama, haiendi popote, kama shemeji na chai yake.

Siku sita zimebaki, na ata na ralanti ya juu imeanza tena kukufa, nikaenda kwa fundi wa pili. Huyu ni kijana wa mashini. Hana turnevisi, hana ata doa ya oili kwenye shati. Anachomeka kamba chini ya usukani, anaangalia kwenye telefone, anasoma namba. Alisoma muda mrefu, nikaona midomo yake inatembea kama mutu anasali. Halafu akasema maneno matatu na akachomoa kamba yake.

"Una prise d'air."

Nikasema alaa. Nikatingisha kichwa kama mutu ameelewa. Ningemuuliza, mambo yangeisha siku ile. Lakini kijana na shati nyeupe vile, utamuuliza prise ni nini? Prizi nani hajui? Prizi ni pale ukutani unachomeka telefone ipate moto. Ata kwenye gari iko, pale karibu na redio, ya kuwashia sigara, mi nachomeka telefone pale. Nikajisemea, basi ni hiyo. Prizi imeharibika, inakula moto wa gari, motere inakosa. Na ile "d'air" mi niliisikia "dera", nikaona ni jina ya aina yake. Kuna prizi ya Uchina, kuna prizi ya Dubai, yangu ni prizi dera.

Nikaenda mbio kwa fundi wa umeme. Mutu muzima, ametia redio kwenye nusu ya magari ya Buyenzi. Nikamwambia, kaka, mashini imesema niko na prizi dera.

Sasa sikiliza ginsi watu wetu tuko. Mutu yule hakujua prizi dera ni nini, kama vile mi sikujua. Lakini angesema hajui? Alishika kidevu. Alitingisha kichwa kwa huzuni.

"Dera," akasema. "Hizo zinasumbua sana."

"Kumbe unazijua."

"Wiki iliyopita nimetoa mbili."

Siku mbili. Siku mbili gari yangu ilikaa kwake na tumbo wazi, waya nyekundu na za njano zinaning'inia kama utumbo wa ngombe siku ya Idi. Alitoa prizi ya zamani, akaniwekea mupya, yenye taa ya bluu. Nzuri sana, siwezi kudanganya. Ukichomeka telefone inajaa kabla haujamaliza kusema bismillahi. Nikawasha gari, nikatoa muguu kwenye mafuta. Ikakufa, na taa ya bluu ikabaki inawaka, inaniangalia.

"Basi iko dera nyingine ndani," fundi wa umeme akasema.

Alhamisi ikafika. Nyumba ya dada yangu imejaa wanawake, sauti mupaka kwenye bati, harufu ya hina na pilau. Mutoto amekaa kwenye mukeka ndani ya ua, mikono na miguu imepakwa, amenyoosha vidole kama mutu anakausha nguo, haruhusiwi kushika kitu. Na shemeji akaja. Alikuja na termosi kweli, ile ya maua, kubwa, ya lita mbili. Akaleta na kiti chake.

Nikaleta gari mulangoni. Na kwa sababu mambo ya mutu hapa mujini ni ya watu wote, mafundi wangu wote watatu walikuja, na majirani wawili wenye hawajui kitu ila wanapenda kapo ikifunguliwa. Nikawasha. Nikatoa muguu. Ilinguruma kwa juu, ikashuka, ikapanda, ikatetemeka.

Shemeji akamimina kikombe cha kwanza. Akapuliza. Akaweka mudomo.

Ikakufa.

"Ata sijameza," akasema.

Hapo wakaanza. Fundi wa kwanza anasema tupandishe tena kidogo. Kijana wa mashini anasema yeye alishasema, mutu hakufuata. Fundi wa umeme anasema yeye prizi ameweka, muulize mwenye alipandisha ralanti. Jirani mumoja anasema ni esanse ya bido, watu wanatia maji. Jirani wa pili anasema ni jicho mbaya ya watu, shingo ya gari ifungiwe kitambaa nyeusi. Nikawasha tena, ikapiga, tuko wanaume sita juu ya motere moja, kila mumoja anaeleza, mate yanaanguka mule ndani kama mvua ya masika. Mi mwenyewe nilikuwa naeleza. Sikumbuki nilikuwa naeleza nini.

"Mashini imesema nini?"

Ni yule mutoto. Amesimama kwenye mulango wa ua, mikono mbele kama mutu amebeba sahani mbili.

"Prizi dera," nikasema. "Tumeibadilisha. Iko na taa."

Akaniangalia. Akaangalia ile taa ya bluu. Nikaona anauma midomo asicheke, maana hina ilikuwa bado mubichi na bibi-arusi akicheka mikono inatikisika.

"Mujomba, prise d'air si prizi. Ni hewa. Motere inavuta hewa fasi haipashwi kuvuta. Kuna fasi imetoboka."

Kijana wa mashini akasema, njo nilisema. Fundi wa umeme akaangalia mbinguni, kama anatafuta ndege.

"Imetoboka wapi?" nikauliza, na wote sita tukaanza kujibu.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Ata dakika moja. Mwashe, halafu mutu asiseme."

Wanaume sita wa Buyenzi, kunyamaza dakika moja. Nimeona mambo katika hii dunia, nimeona kiboko imesimama kwenye barabara ya Kajaga inangoja magari yapite, lakini ile dakika sijaona mufano wake. Ata wanawake ndani walinyamaza, walidhani kuna mutu amekufa. Motere inapiga, inatetemeka. Na chini ya ile kelele, nyuma kabisa, kuna kitu kinafanya fiiii, kama mutu anapiga muluzi na jino limeng'oka.

"Pale," akaonyesha na kidevu. "Apana, nyuma. Mupira ule munene. Weka kidole, mujomba."

Ni mupira wa hewa, kama bomba, unatoka kwenye motere unakwenda kwenye freni. Nikapitisha mukono, nikaungua kidogo, nikapata fasi imepasuka, kwa chini, pale jicho halifiki. Kidole changu kikavutwa ndani kama ulimi wa ndama. Na motere ikatulia. Kutetemeka kukaisha. Ikaanza kupiga juu, sawasawa, bila kuruka.

Nikatoa kidole, ikaanza kufa. Nikarudisha, ikafufuka. Nilifanya vile mara tano, si kwa kupima, kwa raha tu.

"Kwa hiyo Jumamosi," shemeji akasema kutoka kwenye kiti, "utaendesha na kidole mule ndani?"

Nilikata kile kipande kilichopasuka, kama vidole viwili urefu, kilikuwa pale mwishoni, mupira ukabaki na urefu wa kutosha. Tukaurudisha, tukaubana na kole, ile pete ya chuma. Gari ikawaka na ile kelele ya ndege, kwa sababu hewa ya wizi imeisha lakini vis bado iko juu. Nikamuuliza fundi wa kwanza alikaza mizunguko ngapi.

"Nusu," akasema. "Au robo."

Tulirudisha mizunguko saba. Kila muzunguko sauti inashuka, na yeye anavaa kofia yake zaidi usoni. Kwenye wa saba motere ikawa inasema kwa chini, ile sauti ya muzee anasinzia. Nikafinya freni kwa kidole cha muguu, ikashuka laini kama matela ya sponji. Mwaka muzima freni ilikuwa inaniambia mupira wake umepasuka, na mi nilikuwa nainuka kuisalimia.

"Mimina, shemeji," nikasema.

Akamimina. Sijaona chai inanyweka vile. Kikombe cha pili, cha tatu. Kwenye cha tano dada yangu alitoka akasimama mulangoni na kitambaa cha jikoni mukononi. Kwenye cha saba shemeji alianza kutafuta njia ya kwenda chooni, tukamwambia apana, maliza kwanza. Alimaliza. Aligeuza termosi, matone matatu yakaanguka chini.

"Inapiga," akasema, kama mutu anasoma barua ya benki.

Jumamosi tulitoka saa tisa ya muchana, dada yangu pembeni yangu, mutoto nyuma. Jeep nyeusi ilikuwa nyuma yetu, imebeba mashangazi na sufuria za pilau, viti vyote vya ngozi vinanuka kitunguu mupaka leo, naamini. Mutu wa video alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya kapo, na mi nyuma yake, pole, pole kabisa, mupaka vipepeo walikuwa wanatupita na wanarudi kuangalia kama tuko sawa. Nikasimama kila fasi. Sikulazimishwa. Nilimusimamia muuza ndagala, nikamusimamia yule muzee wa mbio, nikauliza mama, watoto, na mugongo ya mama. Madeni ya mwaka muzima ya salamu nilianza kulipa siku ile, na honi za korteje nzima nyuma zinalia.

"Mujomba," mutoto anasema kutoka nyuma, ndani ya shela, "wananisubiri."

"Acha wasubiri. Sikia vile inapiga."

Kajaga tulifika. Mulango ya sale imejaa watu, ngoma, bwana-arusi amesimama anajifuta jasho. Nikapaki. Sikuzima. Dada yangu alishuka, akazunguka, akamufungulia mutoto mulango, na mutoto hakushuka mara moja.

"Zima basi, tumefika."

"Itasimama hivi hivi, haina shida."

"Esanse inaisha, mujomba."

"Iishe."

Akaweka mukono wake wa hina kwenye bega yangu, ukakaa pale kidogo. Nilikuwa naangalia mbele, kuna kitu nilikuwa naangalia kwenye kioo, sijui nini. Halafu akashuka, wakamuchukua, vigelegele vikafunika kila kitu, na mi sikuweza tena kusikia kama motere inapiga ao imezima. Ilibidi nishuke, nifungue kapo, niweke mukono juu yake.

Ilikuwa inapiga.